Nyekundu Mbili Chini ya Hadubini

Kwenye maabara ya zahanati, upande huu wa Biharamulo, rangi ni mbili. Ya kwanza ni kaboli fuksini, nyekundu ya kifua kikuu. Unaimwaga juu ya slaidi yenye makohozi, unapitisha moto chini yake mpaka mvuke uanze kupanda, unasuuza kwa asidi, unamalizia na buluu ya methilini. Kitakachobaki chekundu juu ya ile buluu ndicho ulichokuwa unakitafuta. Ya pili ni Giemsa, rangi ya malaria, ambayo ndani yake mna eosini, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa. Miaka yangu ya upimaji, kabla sijastaafu na kutulia hapa Nyantakara, ilipita kati ya chupa hizo mbili.

Nyekundu zote mbili zilipita mikononi mwa Mjerumani mmoja, Paul Ehrlich. Mwaka 1879, akiwa daktari kijana, aliipaka eosini juu ya damu iliyokaushwa, akaona kundi la seli nyeupe ambazo punje zake ziliinywa rangi hiyo kwa pupa. Akaziita eosinofili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Machi 1882, alikuwamo ukumbini Berlin Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kimelea cha kifua kikuu. Hakukaa. Alirudi kwenye chupa zake, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepata njia bora ya kukipaka rangi kimelea hicho, akigundua kwamba kikishaishika rangi hakiiachi hata kwa asidi. Ziehl na Neelsen walikuja kuirekebisha, na njia ikabaki na majina yao.

Nataka kueleza yaliyozipata nyekundu hizo baada ya hapo. Moja ilisafiri mpaka ikafika zahanati za vijijini ikiwa na daftari lake, dawa zake na wasimamizi wake. Nyingine ilifika vilevile, iko mezani, lakini hakuna aliyeagiza itumike kutafuta kile ambacho Ehrlich alikiona kwa eosini. Watu wazima wenye pumu katika kata hii wanaishi ndani ya pengo hilo, na dada yangu ni mmoja wao.

Habari ya nyekundu ya kwanza inajulikana, na ni habari ya kujivunia. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Aliyesaidia kuujenga ni Karel Styblo, Mcheki aliyeugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Alitaka mambo machache, lakini kila mahali: makohozi yapimwe kwa hadubini, dawa zisikatike, na kila mgonjwa aandikwe daftarini na kufuatiliwa mpaka ijulikane amepona, amekufa au ametoroka. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu uliojaribiwa hapa kwetu na kuupeleka ulimwenguni. Sisi tuliokuwa tunapasha slaidi kwa moto wa spiriti katika vyumba vya maabara vyenye dirisha moja tulikuwa sehemu ya jambo hilo kubwa, ingawa wakati ule hakuna aliyetuambia.

Dada yangu alianza kubanwa kifua akiwa mtu mzima mwenye watoto wanaoenda shule. Ilikuwa msimu wa moto, Julai kuelekea Agosti, nyasi za miombo zinapochomwa na moshi unakaa bondeni mpaka jua lipande. Alikohoa usiku, akawa halali chali, na alipopumua kifua kikawa kinapiga filimbi. Mganga wa zahanati alifanya kama alivyofundishwa: mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki tatu apimwe makohozi. Makohozi hayo niliyapima mimi. Sikuona chochote chekundu, nikaandika hivyo daftarini. Akapewa vidonge vya kuua vijidudu, akaambiwa arudi. Alirudi, tukapima tena, na jibu likawa lilelile.

"Mdogo wangu," aliniuliza tukiwa njiani kwenda nyumbani, "kama si TB, basi ni nini?"

Baadaye jina la pumu lilitajwa, na tangu hapo kila akibanwa alikimbizwa zahanati, zamani kwa baiskeli na siku hizi kwa bodaboda, akachomwa sindano ya aminofilini, kifua kikaachia, akarudi kwake. Mara nyingi kabla ya alfajiri shemeji alikuwa mlangoni kwangu tena: kifua kimerudi. Kijijini watu walisema dawa ya zahanati ni dhaifu. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, ila kazi yenyewe ilikuwa nusu ya kazi, na kwa nini ilikuwa nusu ni hadithi inayoanza mbali sana na hapa.

Karne ya kumi na tisa iliielewa pumu hasa kama mkazo wa misuli. Daktari wa London aitwaye Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, aliandika kitabu chake mwaka 1860 akieleza kwamba njia za hewa zimezungukwa na misuli midogo, na kwamba shambulio ni misuli hiyo kujikaza. Miongoni mwa dawa alizozisifu ni kahawa, iwe kali na inywewe tumboni hamna kitu. Msomaji wa Kagera ataitambua mara moja. Mkoa huu umelelewa na kahawa, na wazee wa Bukoba na Karagwe bado wanatafuna buni zilizochemshwa wanapopokea mgeni. Salter hakukosea: kafeini hulegeza kidogo misuli ya njia za hewa. Ndugu yake wa karibu, theofilini, alipatikana katika majani ya chai mwaka 1888, na theofilini ndiyo kiini cha aminofilini. Kwa hiyo sindano aliyochomwa dada yangu na buni aliyotafuna babu wa Kihaya ni ukoo mmoja.

Mnanaha nao ni wa mkondo huohuo. Majani yake yamevutwa kama sigara kutuliza pumu kuanzia India, yakaingia Uingereza mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na hata huku Afrika Mashariki wapo waliouvuta. Hulegeza misuli kweli, lakini ni sumu inayoweza kumwondoa mtu akili au uhai, na simshauri yeyote. Kisha ikaja adrenalini, iliyotengwa na Jokichi Takamine mwaka 1901 na kuchomwa wagonjwa wa pumu miaka miwili baadaye. Kahawa, mnanaha, adrenalini, aminofilini: zote zinapigana na misuli.

Dalili kwamba kuna jambo lingine zilikuwepo tangu mapema. Mwaka 1872 Ernst von Leyden alieleza fuwele ndogo zenye ncha mbili kali ndani ya makohozi ya wenye pumu, ambazo Charcot wa Ufaransa alikuwa ameziona kwingine kabla yake. Kabla ya karne kuisha, eosinofili za Ehrlich zilionekana katika makohozi hayohayo. Mwaka 1892 William Osler, katika kitabu kilichosomwa na madaktari wa nchi nyingi, alitaja wazi kwamba huenda pumu ni uvimbe na mwasho wa njia ndogo za hewa. Maneno yalikuwa yameandikwa. Lakini hapakuwa na dawa ya uvimbe, na kitu kisicho na dawa husahaulika haraka hospitalini.

Dawa ya uvimbe ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1940: kotisoni. Hapa ndipo penye sehemu ya historia hii ambayo mimi, kama mpimaji, naipenda kuliko zote. Mwaka 1956 Waingereza walichapisha jaribio la kotisoni kwa wagonjwa wa pumu sugu, na matokeo yakawa hafifu. Wengi wangeishia hapo. Daktari wa kifua katika mji wa Derby, Harry Morrow Brown, alifanya jambo ambalo lingeweza kufanyika kwenye meza yangu: aliyaweka makohozi ya wagonjwa wake chini ya hadubini kabla ya kuwapa vidonge vya prednisoloni. Mwaka 1958 alieleza alichokiona. Waliokuwa na eosinofili nyingi kwenye makohozi walifunguka vifua, na wale wasiokuwa nazo hawakupata nafuu. Lile jaribio la awali lilikuwa limewachanganya watu wa aina mbili kapu moja. Morrow Brown alitumia slaidi, rangi na subira tu. Ndiye pia aliyechapisha, mwaka 1972, matokeo ya dawa ya kuvuta iitwayo beklometasoni, ambayo hupeleka kotikosteroidi, yaani dawa ya jamii ya kotisoni, moja kwa moja kwenye njia za hewa kwa kipimo kidogo mno, bila kuuchosha mwili mzima kama vidonge.

Nilipokuwa natazama slaidi za malaria nilikutana na eosinofili kila siku, zenye kiini cha mapande mawili na punje za chungwa zinazong'aa. Nilizipita. Kazi niliyotumwa ilikuwa kuhesabu vimelea.

Sasa turudi kwenye usiku wa dada yangu, maana sayansi ya miaka hamsini iliyopita imeueleza vizuri. Shambulio la pumu mara nyingi lina mawimbi mawili. Mtu anapovuta kile ambacho mwili wake unakichukia, seli zilizojipanga kwenye ukuta wa njia za hewa hufyatua ndani ya dakika chache histamini na lukotrini, kemikali zinazokaza misuli mara moja. Lukotrini zilifuatiliwa tangu miaka ya 1930 bila kujulikana ni kitu gani, mpaka Bengt Samuelsson wa Sweden alipozibainisha mwaka 1979. Wimbi hilo la kwanza ndilo linaloitikia sindano. Lakini wakati misuli inalegea, ujumbe umeshatumwa. Saa nne mpaka nane baadaye seli nyeupe zinafika kutoka kwenye damu, eosinofili zikiwa mbele, zinamwaga punje zao kwenye ukuta wa njia za hewa, ukuta unavimba, ute mzito unaziba vijia. Aliyechomwa sindano saa mbili usiku akaruhusiwa kwenda nyumbani anakutana na wimbi la pili saa nane au tisa za usiku. Prednisoloni ikitolewa mapema hulipunguza makali wimbi hilo. Aminofilini peke yake hailizuii.

Ujumbe wenyewe una majina yake, na ninayataja kwa sababu dawa mpya zimejengwa juu yake. Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman walionyesha, kwa panya, kwamba seli za kinga zinazotoa amri ziko za aina mbili, na aina ya pili ndiyo inayohusika na mzio. Amri zake huitwa intalukini. Ya nne huelekeza mwili utengeneze kingamwili za IgE, zile zilizogunduliwa katika miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden. Ya tano huziita eosinofili kutoka kwenye uboho wa mifupa, kama mbiu ya mgambo inavyowatoa watu majumbani. Ya kumi na tatu huongeza ute na kuzifanya njia za hewa ziwe na hasira. Baadaye tena ikajulikana kwamba ngozi laini ya ndani ya njia za hewa si ukuta tu: ikiguswa na moshi, vumbi au virusi vya mafua, yenyewe ndiyo huanza kupiga kelele. Mwaka 2005 ilionekana pia kwamba seli hizo za mtu mwenye pumu hutoa interferoni kidogo virusi vya mafua vinapoingia, hivyo virusi huzaana kwa nafasi. Mimi hilo linanieleza Oktoba zetu. Mvua zinaanza, watoto wanaleta mafua kutoka shuleni, na siku mbili tatu baadaye mama zao wanahema kwenye benchi la zahanati. Tulikuwa tunalaumu baridi.

Hata zile fuwele za Leyden zimerudi mezani. Zinatokana na protini ya eosinofili, na mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwa panya kwamba fuwele zenyewe huchochea uvimbe. Takataka ya makohozi ya mwaka 1872 imekuwa mtuhumiwa.

Ziwa letu lina mchango wake pia. Koch yuleyule wa kifua kikuu alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 kutafuta dawa ya malale, ugonjwa ambao uliisumbua pia Biharamulo yenyewe, nchi ya mbung'o. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2012, visiwa vingine vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, Koome, vikawa mahali pa swali kubwa la mzio. Wanasayansi walikuwa wakisema kwamba minyoo, ambayo nayo huamsha IgE na eosinofili, huenda inaituliza kinga ya mwili isilete pumu. Je, tukiwatibu watu minyoo, tutaamsha mzio? Watafiti wa Entebbe walivigawa vijiji 26 vya wavuvi: vingine vikapewa dawa za kichocho na minyoo mara nne kwa mwaka, vingine kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na tofauti iliyoonekana katika kifua kupiga filimbi wala katika mzio. Kwa mtu anayegawa albendazoli kijijini hilo ni jibu la kumtuliza moyo. Kwa mpimaji ni onyo pia: mahali penye safura na minyoo ya tumbo, eosinofili kwenye damu peke yake hazisemi kwamba mtu ana pumu. Makohozi husema zaidi, ingawa nayo yanaweza kudanganya mabuu ya minyoo yanapopita mapafuni. Kwa hiyo sisemi slaidi ingetosha. Nasema ingekuwa mwanzo.

Na kuna moshi. Mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, tanuru za mkaa na za matofali, vumbi la malori yanayopita Nyakanazi kuelekea Rusumo. Moshi huleta aina ya uvimbe ambayo mara nyingi hutawaliwa na seli nyingine, nyutrofili, na hiyo haisikii kotikosteroidi sawasawa. Miongoni mwa wanawake wanaohema hapa Nyantakara wapo wa Morrow Brown wa kundi la kwanza na wapo wa kundi la pili, na kwa sasa wote wanapewa dawa ya kulegeza misuli tu.

Dawa hiyo ni sindano, au siku hizi inhela ya buluu, salbutamoli, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1969. Inhela hiyo ni dawa nzuri, na imeokoa wengi. Ilikuja baada ya msiba: katika miaka ya 1960 vifo vya pumu viliongezeka ghafla Uingereza na nchi nyingine wakati inhela kali za isoprenalini zilipoenea. Mabishano juu ya chanzo yalidumu, lakini somo moja lilikuwa wazi kwa walioangalia vizuri: mtu anayefunguliwa misuli kila saa huku uvimbe ukiendelea anaweza kuchelewa kutafuta msaada mpaka njia zimezibwa na ute, na hapo hakuna pampu itakayopita.

Mwaka 1985 Annika na Lauri Laitinen wa Finland walichukua vipande vidogo kutoka kwenye njia za hewa za watu wenye pumu, na ngozi ya ndani ilikuwa imeharibika. Nchi yao ilichukua hatua. Mwaka 1994 Finland ilianza mpango wa taifa wa miaka kumi wenye wazo moja: pumu ni uvimbe, basi tibu uvimbe tangu siku ya kwanza, na kila kituo cha afya kiwe na mtu anayehusika. Siku ambazo wagonjwa wa pumu walilala hospitalini zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mwaka huo wa 1994 sisi tulikuwa na mengine. Mwishoni mwa Aprili, kama watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, wakatua Benaco wilayani Ngara. Vilima vilikatwa miti, moshi wa maelfu ya majiko ukatanda, na kila mhudumu wa afya wa wilaya hizi mbili aliyejua kushika bomba la sindano alikuwa anapambana na kipindupindu, kuhara damu na vifua vya watoto. Siwezi kumlaumu mtu kwamba mwaka ule hakufikiria pumu ya watu wazima. Ila mwaka ule uliisha, wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na miaka mingi imefuata.

Aprili 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu ilibadilishwa: mtu mzima asitibiwe kwa inhela ya buluu peke yake, bali kila mmoja apate kotikosteroidi ya kuvuta, hata kama pumu yake ni nyepesi. Ilikuwa ni miaka 61 tangu slaidi za Derby.

Dada yangu alipata yake baada ya daktari mmoja wa hospitali kumsikiliza kwa muda mrefu kuliko wote waliotangulia. Anaivuta asubuhi na jioni, anasukutua mdomo ili asipate utando mweupe kooni, na ile ya buluu ameiweka kwenye mkoba kwa dharura. Amehamishia jiko nje, chini ya paa la nyasi. Msimu wa moto uliopita hakukimbizwa zahanati hata usiku mmoja. Zahanati haina kotikosteroidi ya kuvuta, ina sindano. Kwa hiyo kopo likikaribia kuisha mwanawe hupanda basi kwenda kulitafuta Biharamulo mjini, na akilikosa huko, safari inayofuata ni ya Kahama au Mwanza. Jirani zetu wawili wanaobanwa kama yeye hawana nauli hiyo, nao bado wanachomwa aminofilini.